Fedha za Skizofrenia Zitenge Fungu la Lugha
Mwaka 2014 tajiri wa Marekani, Ted Stanley, aliahidi dola milioni 650 kwa Taasisi ya Broad, Massachusetts, ili chanzo cha maradhi ya akili kitafutwe katika jeni. Mwanawe aliwahi kuugua. Kupitia kituo chenye jina la Stanley, utafiti ulifika Eldoret na Kilifi, vilevile Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ukikusanya mate ya wagonjwa na ya wasiougua.

Siupingi ufadhili huo. Nauliza tu: anayetoa mate yake ameelezwa kwa maneno gani? ‘Wazimu’ na ‘kichaa’ humvunjia mtu heshima hata kabla hajaketi. ‘Skizofrenia’, neno alilolibuni daktari Mswisi Eugen Bleuler mwaka 1908, lina asili ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Wajapani waliliacha jina lao lenye maana iyo hiyo mwaka 2002. Na ‘jeni’ je? Tutamwelezaje mama aliyeishia darasa la tatu asije akadhani ukoo wake umelaaniwa?

Wahisani hulipia maabara kwa moyo mkunjufu. Basi wataalamu wa lugha nao watengewe fungu tangu mwanzo, na fomu ya ridhaa isomwe kwanza na jamaa za wagonjwa, si na wahadhiri wenzangu.