Moshi wa Kamio: Tumuulize Nani?

Wiki hii tunazungumza juu ya moshi. Wanaouza pembeni ya barabara ya Goma–Rutshuru, hapa kwetu Rumangabo, wanaujua. Kamio iliyojaa makala inapanda, shofere anakanyaga, na wingu jeusi linashukia ndizi, maharagwe na mtoto aliye mgongoni. Yule anayecheza chini kando ya beseni anavuta zaidi, maana kimo chake ni kile cha bomba la moshi.

Juzi tulimuuliza shofere mmoja aliyesimama kununua ndizi. Alijibu kwa upole: «Mama, gari si yangu. Patroni hataki kulipa fundi.» Akisimamishwa njiani anatoa faini mfukoni mwake, kisha anaendelea na moshi uleule.

Mafundi wametueleza kwamba moshi mweusi ni mazutu isiyoungua yote. Mara nyingi filta ya hewa imeziba, au enjektere zimechoka. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Basi ni ugonjwa wenye dawa, ila mwenye kununua dawa si shofere.

Wenzetu wengine walianza juu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imekataza yaliyozidi 15. Lakini gari linaloshushwa Mombasa kuja Kongo linapita tu huko, halafu linabaki kwetu mpaka lizeeke mara ya pili. Na mwaka 2015, huko Marekani, Volkswagen ilikamatwa: ndani ya magari yake ya mazutu kulikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza hewa chafu kwa muda huo tu. Duniani kote yalikuwa magari kama milioni 11. Hakuna aliyewafukuza mashofere barabarani. Kiwanda kililipa mabilioni ya dola na kuyanunua tena magari mengi.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Tutawakumbusha wakubwa, hasa wale wanaopokea magari mpakani. Lakini tusisahau kwamba kamio za kupeleka mavuno Goma tunazikodi sisi.

Kwa hiyo kikundi chetu cha soko kimeanza: kabla ya kulipa, tunaomba injini iwashwe, shofere akanyage, tuangalie bomba. Mwenye gari wa kwanza alitucheka. Wa pili alimwita fundi.