Mwenye hisa aulize: rubani anashika usukani mara ngapi?

MWENYE hisa za shirika la ndege kwa kawaida hutazama mambo matatu: bei ya mafuta, idadi ya abiria na thamani ya dola. Lipo la nne ambalo halimo katika mizania, nalo laweza kuyafuta yote matatu kwa usiku mmoja. Ni dakika za mwisho kabla ya ndege kutua, na mzigo wa kazi wanaokuwa nao watu wawili walioketi mbele.

Ndege ikiwa juu, kazi ya rubani ni nyepesi. Mitambo hushika mwelekeo, kimo na kasi yenyewe. Inapoanza kushuka, mambo huja kwa mkupuo: kuzungumza na waongozaji wa ndege, kupunguza kasi, kusoma ramani na kushusha magurudumu. Njia ya kutua ikibadilishwa, kompyuta nayo hudai kuandikiwa upya. Mashine iliyonunuliwa kupunguza kazi huongeza kazi saa ile ile ambayo kazi imezidi.

Cali, nchini Colombia, ni mfano usiosahaulika. Desemba 20, 1995, ndege aina ya Boeing 757 ya American Airlines ilifika huko usiku kutoka Miami, ikiwa imechelewa kuondoka kwa takriban saa mbili. Marubani walipewa nafasi ya kutua moja kwa moja kwa njia nyingine, wakakubali ili kuokoa muda. Ikabidi washuke upesi, wakatoa breki za hewa.

Katika haraka hiyo iliandikwa herufi moja tu, R, kwenye kompyuta. Ramani ya karatasi ilionyesha kuwa R ni kituo cha Rozo, karibu na Cali. Kompyuta ilielewa Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikakata kushoto kuelekea milimani, na marubani walipogundua kosa ilikuwa bado inashuka. Chombo cha tahadhari kilipolia waliongeza nguvu za injini na kuinua pua ya ndege, lakini breki za hewa zilibaki wazi. Kati ya watu 163, walipona wanne.

Hapo ndipo hesabu ya mfanyabiashara inapoanza. Mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama mjini Miami liligawa lawama hivi: American Airlines asilimia 75, Jeppesen iliyotengeneza taarifa za ramani asilimia 17, na Honeywell iliyotengeneza kompyuta asilimia 8. Fundisho liko wazi. Muuza mtambo huchangia fidia kidogo. Mwenye ndege ndiye hubeba gunia.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Lakini Julai 6, 2013, mchana kweupe, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukuta wa bahari huko San Francisco na watu watatu wakafa. Marubani walidhani mtambo wa kurekebisha nguvu za injini unalinda kasi, kumbe haukuwa ukifanya hivyo. Wachunguzi wa Marekani walieleza kuwa utaratibu wa shirika hilo ulisisitiza kutumia mitambo kikamilifu, na haukuwahimiza marubani kuendesha kwa mkono katika safari za kawaida. Mkono usiotumika husahau.

Si haki kuilaumu mitambo peke yake. Imepunguza ajali nyingi, na inaokoa mafuta. Hakuna mwekezaji mwenye akili atakayetaka irudishwe ghalani. Kosa ni kuihesabu kama mbadala wa mafunzo. Saa za mazoezi katika mtambo wa kuigiza urukaji ni ghali, na kwa mhasibu anayetafuta pa kupunguza gharama huonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Januari 2013, miezi sita kabla ya San Francisco, mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imeyashauri mashirika yawape marubani nafasi zaidi ya kurusha ndege kwa mkono.

Kwa wenye hisa wadogo Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Hisa za Kenya Airways ziliuzwa kwa umma Nairobi mwaka 1996, na za Precision Air Dar es Salaam mwaka 2011. Katika mikutano ya mwaka wanahisa huuliza gawio tu. Waulize na haya: bajeti ya mafunzo imepanda au imeshuka? Rubani huendesha kwa mkono mara ngapi? Na akikataa njia ya mkato ili ajipange vizuri, ofisi humshukuru au humuuliza kwa nini amechelewa?

Mkurugenzi asiye na majibu hayo anauza hisa ambazo bei yake halisi haijulikani. Dakika tano za kuzunguka angani hugharimu mafuta. Mafuta hununuliwa tena.