Tamko la Wauguzi kuhusu Usingizi wa Mgonjwa Wodini

Kwa waganga wafawidhi, makatibu wa afya, matroni na mapatroni, wauguzi wa zamu zote, na wananchi wenye ndugu waliolazwa.

Sisi wauguzi, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili katika kuadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei. Kwa kawaida siku hii tunadai posho, sare na kupandishwa vyeo. Madai hayo yapo palepale. Safari hii tunasema juu ya jambo ambalo sehemu yake kubwa imo mikononi mwetu: mgonjwa wodini halali. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu husema heri sasa akapumzike, na kauli hiyo inatugusa sisi tuliokuwa naye usiku kucha.

Katika wodi nyingi taa zote huwashwa saa kumi alfajiri. Wagonjwa huamshwa waogeshwe, mashuka yabadilishwe, joto na presha vipimwe, sakafu ipigwe deki. Saa kumi mgonjwa hana haja na mengi ya hayo. Hufanyika kwa sababu zamu ya usiku inataka kukabidhi wodi safi, na zamu ya asubuhi inataka raundi ya daktari ikute vitanda vimenyooka. Mtu aliyepata lepe la usingizi saa nane, baada ya maumivu kutulia, huamshwa ili akaoge maji ambayo mara nyingi ni ya baridi. Hakuna daktari aliyeagiza hivyo. Ni mazoea tu, na wanafunzi wetu huyachukua wakidhani ndiyo uuguzi. Chama kinatamka kwamba yakome. Kuogesha na kutandika kusianze kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na zamu mbili zigawane kazi hiyo. Shuka lililokunjamana halijamdhuru daktari yeyote. Anayetaka kuamshwa mapema kwa ajili ya swala ya alfajiri, aulizwe jioni na aandikwe.

Usingizi ni sehemu ya tiba. Mgonjwa aliyekesha huhisi maumivu makali zaidi, sukari na presha yake hudhibitika kwa shida, na mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla hata asimtambue mwanawe. Florence Nightingale aliliandika jambo hili mwaka 1859, akionya kwamba mgonjwa akikatizwa usingizi wake wa kwanza ni nadra kuupata tena usiku huo. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele wa mwaka 1999, lilitaka sauti wodini usiku isizidi wastani wa desibeli 30, kiasi cha mnong'ono. Mlango wa chuma ukibamizwa mara moja, kiwango hicho kimeshavukwa. Kuna pia kitoroli kisichotiwa grisi, na simu inayoita kwenye meza ya wauguzi, na gumzo letu la saa saba usiku ambalo wodi nzima hulisikiliza bila kupenda.

Hatusemi mgonjwa aachwe. Aliyetoka chumba cha upasuaji, mama mwenye kifafa cha mimba, mtoto mwenye malaria kali, hawa watapimwa kila inapopasa, usiku na mchana. Asiyeweza kujigeuza ataendelea kugeuzwa ili asipate vidonda vya mgandamizo. Tunachotaka ni kazi zipangwe pamoja: anapogeuzwa, ndipo abadilishwe nepi, apewe dawa na dripu iangaliwe, kisha aachwe. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 90. Anayeguswa kila nusu saa haumalizi hata mmoja. Kwa mgonjwa aliyetengemaa, muuguzi na daktari wakubaliane jioni ni vipimo gani vinaweza kungoja kupambazuke.

Saa za dawa nazo zitazamwe. Furosemaidi ikitolewa saa mbili usiku, mgonjwa atakesha njiani kwenda msalani, na njiani huko ndiko wazee huanguka. Deksamethasoni hunyima usingizi, hivyo dozi ya siku ni bora itolewe asubuhi. Vidonge vya usingizi navyo visigeuzwe kuwa dawa ya kelele zetu.

Kuhusu maumivu, wataalamu wa tiba shufaa wametutangulia. Morfini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, lakini dozi ya kulalia huweza kuwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba hiyo kuandika morfini tangu mwaka 2004. Tunaziomba wizara za afya za nchi jirani zipime hatua hiyo, kwa kuwa muuguzi wa zahanati asiye na daktari karibu hana la kumpa mwenye saratani zaidi ya pole.

Yapo yasiyo mikononi mwetu. Wazazi wawili wakilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, kila mmoja na kichanga chake, hakuna ufundi wa uuguzi utakaowapa usingizi. Wanahitaji kitanda, na chandarua kisichotoboka. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku hawezi kupanga lolote. Anakimbilia panapowaka tu. Vitanda, vyandarua na wauguzi wa kutosha tunavidai kwa serikali na kwa wamiliki wa hospitali binafsi, bila kupunguza neno.

Kwa ndugu na wahubiri: maombi ya sauti ya juu yafanyike saa za kutazama wagonjwa, na kwa ridhaa ya wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Matroni na mapatroni wanaombwa kubandika tamko hili wodini na kuanza na ratiba ya alfajiri. Palipo na kikwazo, tuandikiwe kupitia matawi.

Imetolewa na Kamati Tendaji ya Chama.