Siri ya Mtungi Aijuaye Ni Kata: Rununu, Faragha na Sitara

Wahenga waliponena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, hawakuwazia kwamba ingefika siku ambapo kila mja angetembea na kata yake mfukoni. Rununu ndiyo kata ya zama hizi. Inajua mwenyewe alikolala, anayemdai na aliyemtumia pesa usiku wa manane. Katika miji ya Thika na Ruiru, ambako mshahara wa kiwandani, kodi ya nyumba, karo na mchango wa chama hupitia katika kifaa hicho kimoja, swali la nani aruhusiwe kuchota mtungini si swali la anasa.

Wapo waliojitokeza na jawabu. Mwaka wa 2017 kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Purism iliuomba umma dola milioni 1.5 ili iunde rununu ya kulinda faragha, Librem 5. Sifa yake kuu ni swichi tatu za ubavuni: moja hukata kamera na maikrofoni, ya pili intaneti isiyotumia waya, na ya tatu mawasiliano na mtandao wa simu. Umma ulichanga zaidi ya ulivyoombwa. Simu iliyoahidiwa Januari 2019 ilianza kutoka mwishoni mwa mwaka huo, na wengi wakaendelea kungoja. Wachangiaji walinung'unikia kuchelewa. Mkazi wa Makongeni au Kihunguro angekuwa na maswali mengine kabisa.

La kwanza ni bei. Wakati wa mchango simu hiyo iliuzwa dola 599, yaani zaidi ya shilingi 60,000 kwa thamani ya fedha ya mwaka huo. Linganisha na mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa nchini Kenya na Safaricom pamoja na Google mwaka wa 2020. Mnunuzi alitakiwa kutoa shilingi 1,000 za mwanzo, kisha shilingi 20 kila siku kwa muda wa miezi tisa. Asiyelipa simu yake iliweza kufungwa kutoka mbali. Hivyo basi, mnyonge alinunua kata ambayo mpini wake ulibaki mkononi mwa muuzaji. Ikiwa faragha ni ya mwenye elfu sitini, basi haitakuwa haki tena bali pambo.

La pili ni zito zaidi. Namba ya mtu haikai katika simu yake peke yake. Imo katika simu za ndugu, majirani na wateja wake. Jambo hili lilidhihirika pale programu za mikopo zilipoenea. Mkopaji alibonyeza kitufe cha kukubali, programu ikasoma orodha yake yote ya majina, na alipochelewa kulipa, mama mkwe na mwajiri wakapigiwa simu. Mwaka wa 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zilipiga marufuku mwenendo huo. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma jumbe za vitisho. Waliodhalilishwa hawakuwa wamekopa hata senti. Hata wangalikuwa na Librem 5 mkononi, isingewafaa kitu, kwa kuwa mlango uliofunguliwa haukuwa wao.

Isitoshe, tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, kila shilingi itumwayo hujulikana na kampuni ya simu, hata kifaa kiwe cha aina gani. Kwa miaka mingi pia daftari la wakala lilikaa wazi juu ya meza ya kibanda, likiwa na majina, namba za kitambulisho na kiasi cha pesa, na kila aliyefuata kwenye foleni aliweza kusoma habari za aliyemtangulia. Daftari halina swichi.

Baadhi watasema kwamba asiye na hatia hana la kuficha, na kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haijasomwa vyema. Mzazi hujifunua mbele ya mkunga. Hajifunui mbele ya soko zima.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Anayedai siri hushukiwa, na neno faragha humpeleka msikilizaji kwenye chumba cha pembeni. Lakini lipo neno sitara: stara ya mtu, kinga dhidi ya aibu. Silaha ya wale wakopeshaji ilikuwa aibu, na kilichovunjwa kilikuwa sitara ya jamaa nzima. Jamii ya Thika na Ruiru inatarajia hilo hasa: kifaa, sheria na desturi zinazomsitiri mtu pamoja na waliomwamini kwa namba zao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, bayana na yenye ufahamu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Iweje basi muuza mboga aridhie kwa Kiingereza cha mawakili, katika kurasa ambazo hata msomi huziruka? Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa.

Kampuni ndogo itakayotaka kuaminiwa kando ya barabara kuu ya Thika haitaanza na swichi. Itaanza na bei inayofikika, kisha sentensi moja ya Kiswahili sanifu kwenye kioo, kabla ya kitufe cha kukubali: programu hii inataka kusoma majina ya watu wako wote, je, nao wamekuruhusu? Kuandika sentensi ya namna hiyo, ikaeleweka sokoni na isiyumbe mahakamani, si kazi ya mhandisi. Ni kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na bado haijafanywa ipasavyo.