Ua la kahawa lipigwe picha, na mwenye shamba alipwe

Mfanyabiashara anayepita Kobero kwenda Tanzania anaijua kahawa ya Burundi kwa gunia. Anajua uzito wake, anajua malori yanayoibeba hadi bandari ya Dar es Salaam, na anajua siku ambazo foleni mpakani haisogei. Lakini wapo waliozeeka katika biashara ya mpakani bila kuiona kahawa hiyo ikiwa ua, kwa kuwa ua halifiki Bujumbura. Linabaki vilimani, Kayanza, Ngozi na kwenye miteremko ya Mumirwa inayouangalia mji, na maisha yake ni mafupi kuliko safari ya lori moja.

Kiangazi cha Burundi huanza Juni na kuisha Agosti. Mvua za kwanza za Septemba zikinyesha, mibuni iliyokuwa imelala huamka. Siku nane hadi kumi na mbili baada ya mvua nzuri, machipukizi hufunguka kwa pamoja na kilima kizima huwa cheupe, na harufu yake inafanana na ya asumini. Siku mbili tatu baadaye petali zinageuka kahawia na kuanguka. Baada ya hapo ni kungoja miezi sita hadi tisa mpaka matunda yaive, kuanzia Machi.

Siku hizo mbili tatu ni bidhaa ambayo Bujumbura bado haijaipangia soko. Mji una wapiga picha wengi wanaoshindania harusi, sherehe za ubatizo na watu wanaopumzika ufukweni mwa Tanganyika. Una vijana wenye simu nzuri na mitandao ya kuuzia. Kilomita chache juu yao, kila mwaka, kuna mandhari ambayo mnunuzi wa kahawa aliye Antwerp au Dubai angependa kuiona kabla ya kulipa. Hata hivyo kahawa inaondoka bila sura, na sura hiyo inaanguka chini na petali.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kahawa ya leo msemo huo haukamiliki. Kahawa nyingi ya Burundi ni arabika ya aina ya Bourbon, inayolimwa juu ya mita 1,200, na wanaoijua wanaisifu. Lakini punje mbichi ndani ya gunia haijitambulishi. Ikichanganywa na nyingine, inakuwa kahawa tu. Wenye maduka ya kahawa Ulaya na Marekani wanauza kikombe pamoja na habari yake: kilima kipi, mkulima gani, mwaka gani. Picha ya ua ndiyo ukurasa wa kwanza wa habari hiyo, na asiyekuwa nayo anauza kikombe bila habari, kwa bei ya asiyejulikana.

Picha hiyo ina faida nyingine, nayo inamhusu mfanyabiashara kuliko mtalii. Ua ni taarifa ya mavuno. Mibuni ya Burundi ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na kila anayenunua kahawa amewahi kuumia kwa sababu hiyo. Kilima kilichochanua chote kwa siku moja kinaahidi matunda yatakayoiva karibu pamoja. Kilichochanua kwa mafungu matatu, kwa kuwa mvua zilikuja kidogo kidogo, kitavunwa kwa mizunguko mingi na gharama ya wachumaji itapanda. Picha yenye tarehe na jina la umusozi, yaani kilima, ikipigwa mahali pale pale kila mwaka, inamwambia mwenye ghala Bujumbura jambo ambalo vinginevyo atalisikia mwezi Machi. Mali bila daftari huisha bila habari. Picha hizo ni daftari ambalo hata asiyejua kusoma analielewa.

Kwa nini alfajiri? Sababu ya kwanza ni mwanga. Bujumbura iko chini, karibu mita 774 juu ya usawa wa bahari, na milima imeuzunguka mji upande wa mashariki. Jua la mjini huchelewa kupanda juu ya milima hiyo. Mwanga wa kwanza hugusa vilele vya ng'ambo ya ziwa, juu ya Uvira, wakati mitaa ya Buyenzi na Bwiza bado ina kivuli. Vilimani mambo ni tofauti. Mteremko unaotazama mashariki unapata jua karibu saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukiwa wa chini na wa ubavuni, na kila ua linajitenga na jani lake. Ukungu bado umelala mabondeni. Upepo haujaanza, kwa hiyo matawi hayachezi. Saa nne jua liko juu, weupe wa ua unaungua kwenye picha na kijani kinageuka cheusi.

Maana yake ni kwamba mpiga picha wa Bujumbura lazima alale vilimani au apande barabara ya Bugarama usiku. Hapo ndipo gharama inapoanza. Mafuta ni ya shida, na gari la kukodi halimngoji mtu bure. Mtu mmoja hawezi kubeba gharama hiyo kwa picha ambayo hana uhakika wa kuiuza. Wafanyabiashara wa kahawa wakichangia safari kabla ya msimu, kama wanavyochangia lori, gharama inakuwa ndogo kwa kila mmoja, na kila mmoja anapata picha za kilima anachonunua.

Kinachokosekana kwanza ni kalenda. Wajapani wana desturi ya kutabiri na kutangaza kuchanua kwa maua ya cherry, mji kwa mji, kutoka kusini kwenda kaskazini, na wenye hoteli, treni na mikahawa hupanga kazi zao kwa tangazo hilo. Burundi haihitaji mitambo mikubwa kufanya vivyo hivyo. Vituo vya kuoshea kahawa vimetapakaa mikoani na vinajua siku mvua iliponyesha. Kuhesabu siku nane mbele na kutuma ujumbe Bujumbura kunahitaji simu moja na mtu mmoja mwenye nidhamu. Ofisi ya maendeleo ya kahawa, ODECA, inaweza kuusambaza ujumbe huo bila kuongeza mzigo mkubwa.

Pingamizi kubwa dhidi ya jambo hili ni kwamba picha nzuri inaficha. Mteremko mweupe wakati wa mapambazuko hauonyeshi mkulima anayengoja malipo ya msimu uliopita. Haumwonyeshi mama anayepalilia shamba lililo kwa jina la mume. Kahawa ikiuzwa ghali zaidi kwa sababu ya picha, na bei ya matunda pale kijijini ikabaki ile ile iliyotangazwa, basi ua limempa faida kila mtu isipokuwa aliyelipanda. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa maneno matamu.

Linajibiwa kwa malipo. Shamba linalopigwa picha ya kuuzia kahawa linastahili kulipwa kama kiwanja kinachokodishwa kwa harusi, na malipo yafanyike siku ile ile. Jina la mwenye shamba litajwe akikubali, na likae pembeni akikataa. Asiombwe kutabasamu mbele ya mti kwa zawadi ya sabuni. Karatasi moja kwa Kirundi, inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, inatosha. Mnunuzi wa ng'ambo anayeidai habari ya kikombe hana sababu ya kukataa kuilipia, na mfanyabiashara wa kati anayesema jambo hilo haliwezekani aulizwe jinsi anavyoweza kulipia nembo ya rangi kwenye mfuko.

Pingamizi la pili ni dogo, ila linaharibu shamba haraka. Watu wakija kupiga picha, watachuma. Ua la kahawa likichumwa kupambia nywele, tunda limechumwa nalo, kwa kuwa kila ua linatarajiwa kuwa tunda lenye punje mbili. Tawi likivunjwa ili kamera ipite, mavuno ya tawi hilo yameondoka kwa misimu miwili, kwa sababu mbuni huzaa kwenye chipukizi la mwaka uliotangulia. Wapiga picha wapite kwenye njia za mkulima, wawe wachache, na aliyeharibu alipe kwa hesabu ya matunda. Fidia ya ua ikikadiriwa kwa thamani ya ua, mkulima amepunjwa.

Anayedhani kwamba hofu ya kuchuma maua imetiwa chumvi aangalie Tanzania, nyanda za juu kusini. Uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari kati ya Mbeya na Njombe, huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Una aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Kwa miaka mingi okidi hizo zilijulikana mpakani kwa viazi vyake kuliko kwa maua. Vilichimbwa, vikajazwa kwenye magunia na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama soseji. Mahitaji yalipopanda Zambia, wachimbaji walivuka mbali zaidi kutafuta, na uwanda baada ya uwanda ukapungukiwa maua. Okidi iliyong'olewa kiazi kwa kawaida haichanui tena.

Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa, na inatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa kwanza kabisa kwa ajili ya mimea yake. Kuvusha viazi hivyo mpakani kunahitaji kibali, kwa kuwa okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Wapo waliopoteza kipato, na hao hawakuwa wahalifu wa kuzaliwa. Walikuwa wafanyabiashara wa mpakani kama wengine, waliouza kilichokuwa na mnunuzi. Hesabu yao ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu kiazi huuzwa mara moja. Ua lililoachwa ardhini linaweza kumlipa mwongoza wageni, mwenye nyumba ya kulala, dereva wa kutoka Chimala na mpiga picha, na mwaka unaofuata likarudi kuwalipa tena, ilimradi malipo hayo yawafikie wale walioambiwa waache kuchimba.

Kahawa haimo katika hatari ya okidi, na hakuna anayeila mizizi yake. Lakini kanuni ya biashara ni hiyo hiyo. Zao linalouzwa kwa uzito peke yake linamsukuma mkulima kutafuta uzito zaidi, na bei ikianguka anang'oa mibuni na kupanda ndizi au mihogo. Burundi imeliona hilo katika miaka mibaya. Mbuni wenye thamani pia Septemba, wakati mkulima hana fedha na watoto wanarudi shule, una sababu moja zaidi ya kubaki shambani.

Limebaki suala la mpaka. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ikihusu huduma na bidhaa pia. Mpiga picha wa Kigoma anayekuja kufanya kazi Kayanza anauza huduma. Lakini kamera yenye lenzi kubwa bado inaweza kuzua maswali mpakani kuliko magunia kumi ya mchele. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina utaratibu wa kuingiza kifaa kwa muda bila ushuru. Anayevuka na kamera aiandikishe anapoingia, achukue karatasi yake, na asingoje kuulizwa wakati wa kutoka. Maofisa nao wabandike utaratibu huo ukutani kwa Kiswahili, mahali dereva anapoweza kuusoma. Viza ya pamoja ya utalii ilipoanza mwaka 2014 ilizihusu Kenya, Rwanda na Uganda. Bujumbura ina sababu ya kuomba nafasi humo, na mgeni atakayeingia kwa viza hiyo atahitaji kitu cha kuja kuona mwezi Septemba.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mfadhili. Linahitaji wanunuzi wachache wa kahawa wa Bujumbura kukaa na wapiga picha kabla mvua hazijaanza, kuchagua vilima vitatu au vinne, kukubaliana bei ya shamba na bei ya picha, na kungoja ujumbe kutoka kwenye vituo vya kuoshea. Mkulima naye awepo kwenye kikao hicho, asije kuambiwa baadaye. Mvua ikinyesha kabla hawajakubaliana, maua hayatawangoja.