"Jiamini!" kwa Fimbo?

Nimechoka kusikia eti vijana wa siku hizi hawajiamini. Nani aliwanyang'anya huko kujiamini?

Darasa la saba hapa Majengo, Sumbawanga, nilikuwa kiranja, naongea kama redio. Kidato cha kwanza nikawa bubu. Miaka saba tumefundishwa Kiswahili, nyumbani bibi anasema Kifipa, halafu Jumatatu moja kila kitu Kiingereza! Siku niliyokosea sentensi darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka, kisha nikavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Sikunyoosha tena mkono mwaka mzima. Nyie mnaoficha madaftari ya mashairi chini ya godoro mnanielewa.

Kidato cha pili akaja mwalimu mmoja mgeni. Kila Alhamisi alituketisha wanane chini ya mkaratusi, naye akakaa chini kama sisi. Masharti mawili tu: hakuna kucheka, na la hapa libaki hapa. Wiki ya kwanza tulitazamana, baridi ya Julai inatuchapa. Ya pili yule mbabe wa darasa akasema anaogopa kusoma kwa sauti kwa kuwa herufi haoni vizuri. Mbabe! Na mimi nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Ulimi ukafunguka.

Wapo watakaosema huo ni upuuzi wa Kizungu. Jamani, bibi yangu hakusoma saikolojia, ila jambo zito hakulisemea njiani. Aliwaita watu jikoni, wakae, kila mmoja aseme.

Ninachopinga ni kumkabidhi mwalimu wa nidhamu kazi ya ushauri. Kanuni za viboko, za 1979 na marekebisho ya 2002, zinasema visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Sawa. Lakini nani atampa siri mtu aliyemchapa asubuhi?

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu wetu alihamishwa, kundi akapewa mwenye fimbo. Haikupita wiki mbili, mimba ya mwenzetu ikatangazwa mstarini. Alhamisi iliyofuata tulikuja watatu.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Safi sana. Ila mwenzetu nilipomshawishi arudi aliniuliza swali moja: "Nikirudi, nitasimama mstari ule ule?"

Nilikosa jibu.