Mzazi, Usimzuilie Mtoto Dawa ya Chunusi

Lipo jambo moja lililo dogo machoni pa wakubwa, ambalo kwa kijana aliye nalo si dogo hata kidogo. Jambo lenyewe ni chunusi. Leo twataka kusema na wazazi, na hasa wale ambao daktari amekwisha kuwaandikia watoto wao dawa, lakini wao wamekataa.

Tuchukue mfano wa baba mkulima wa mpunga na kakao kule Ipinda, wilayani Kyela. Binti yake wa miaka 15 ana chunusi kubwa zenye usaha, zilizoenea mashavuni na mgongoni. Darasani amehama dawati la mbele, na mwalimu akiuliza swali hanyoshi mkono, ingawa jibu analijua. Baba asema: "Hata mimi nilikuwa nazo, zikaisha zenyewe. Dawa za hospitali ni za wagonjwa. Huyu ana ugonjwa gani?"

Hatumcheki baba huyo. Chunusi nyingi ndogo huisha zenyewe kweli, na mzazi anayetaka kujua dawa anayopewa mtoto wake ni dawa gani anatimiza wajibu wake. Lakini chunusi zilizovimba na kutunga usaha ni habari nyingine. Hizo huacha mashimo na makovu, na katika ngozi nyeusi kama yetu huacha mabaka yanayoweza kukaa miezi mingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa uso si rahisi kuujenga mara ya pili.

Yafaa ifahamike pia kwamba chunusi hazitokani na uchafu, wala si dalili ya tabia mbaya. Mtoto anapobalehe, homoni huziamsha tezi za mafuta zilizo katika ngozi. Mafuta huzidi, vitundu vya ngozi huziba, vijidudu huzaana humo, na ngozi huvimba. Kuusugua uso kwa sabuni kutwa kucha huongeza madhara tu.

Sasa twamwuliza baba: ukiikataa dawa ya daktari, je, mtoto atakaa bila dawa? Huenda akaenda gulioni kwa siri akanunue mkorogo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini wapo wanaoviuza kwa kificho. Zipo na krimu zenye steroidi, ambazo siku za kwanza hutuliza uvimbe na kumdanganya mtumiaji, kisha huikondesha ngozi na kuzizidisha chunusi zile zile. Basi baba hachagui baina ya dawa na kukaa bila dawa. Anachagua baina ya dawa ambayo daktari anaijua na ile ambayo hakuna aijuaye.

Dawa za daktari nazo zina taabu zake, na twazitaja waziwazi. Zile za kupaka, kama benzoili peroksaidi na adapalini, hukausha ngozi, na ile ya kwanza hupausha nguo na taulo. Vidonge vya doksisaiklini, ambavyo hutolewa kwa muda wa miezi mitatu hivi, hufanya ngozi iungue upesi juani, jambo la kuangaliwa sana kwa mtoto anayeshinda shambani. Humezwa kwa maji mengi, na havimfai mja mzito. Isotretinoini, iliyo kali kupita hizo, humdhuru sana mtoto aliye tumboni, kwa hiyo haitolewi ila chini ya uangalizi wa bingwa. Lakini hayo ni maswali ya kumwuliza daktari, si sababu za kumkimbia. Tena subira inatakiwa, maana nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Anayeacha dawa wiki ya pili hajaijaribu.

Ujuzi nchini upo. Tangu mwaka 1992 kipo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hata hivyo mtu wa Ipinda hana haja ya kuanzia Moshi. Na aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, na ikibidi apewe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na matibabu yake ni wajibu wa mzazi. Lakini hatutaki baba akubali kwa kuogopa sheria. Twataka afuatane na binti yake, aketi mbele ya daktari, aulize yote yanayomtia shaka, kisha amruhusu. Mtoto akijua kwamba baba yake yu pamoja naye, hatakuwa na haja ya kwenda gulioni kwa siri.